Mpira Mnene wa Baiskeli ya Mansuri

Kasulu, Jumatano

Mdogo wangu Mansuri,

Salamu zikufikie hapo Kitahana, wewe na Mama. Mimi mzima, na duka linakwenda.

Mpira wa ndani wa baiskeli yako ya gia nimeupata. Muuza spea alinipa miwili nichague, nikaibeba hadi dukani kwangu nikaipima kwenye mizani ya iliki. Alicheka sana, lakini mimi sinunui kitu kwa kuambiwa. Mwembamba una gramu mia na thelathini, bei elfu kumi na mbili. Mnene una gramu mia mbili na ishirini, bei nusu yake. Mwembamba ni wa vijana wa mashindano. Miiba ya njia yenu itautoboa kabla hamjafika hospitali.

Uliniandikia kwamba mwembamba utatosha, kwa sababu siku hizi Mama akikaa kwenye keria husikii uzito wake.

Nimekutumia mnene, pamoja na barua hii. Mpeleke kliniki bila kukosa, na maziwa anywe. Mpira huo utambeba hata akinenepa. Na atanenepa.

Dada yako,
Asmahani