Tumbili Aliyegeuzwa Waya

Mshauri wetu, nisaidie, na tafadhali usinicheke, maana aibu niliyonayo inanitosha.

Mimi ni mpiga picha za harusi, kutwa nawaambia watu sogea kidogo, tabasamu, hapohapo, na wiki iliyopita tulikwenda likizo nchi jirani, mimi, mke wangu na binti yetu wa darasa la kwanza, na nje ya hoteli kulikuwa na tumbili waliozoea watu, mke wangu akasema jamani baba'ke, mtoto asiwasogelee hao, kisha akaingia kuoga, nami nikaona mwanga umekaa vizuri, nikamshikisha mtoto kipande cha ndizi, nikamwambia mnyooshee, mama, usiogope, na alipoogopa akakaza ngumi mimi bado nasema tabasamu, ndipo tumbili akamng'ata mkono.

Nilifuta damu kwa leso, nikamnunulia soda, nikamfundisha amwambie mama yake kajikwaruza kwenye waya. Mke wangu ni muuguzi, kila siku anachanja watoto wa wenzetu, nikajua hapo nimekwisha. Sasa tuko nyumbani, kidonda kimefunga, lakini jana mtoto kaniuliza, "Baba, kwani waya una meno?" Niseme, au niache kwa kuwa amepona?

JIBU

Amepona nani? Baba wewe, unaandika barua wakati ulitakiwa uwe hospitali!

Kidonda kufunga si kupona. Kichaa cha mbwa hakiko kwa mbwa peke yake, na dalili zikishaanza, hakuna daktari wa kuzirudisha nyuma. Kabla ya hapo chanjo inaokoa, hata siku zikiwa zimepita. Mpeleke leo, sasa hivi. Sema ni tumbili, sema nchi gani, sema hukuosha. Jeraha la namna hiyo huoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima, ndipo mtu akimbilie hospitali. Leso na soda ni za kukutuliza wewe. Na huko ugenini, mnyama hata awe mpole vipi, halishwi wala haguswi.

Pole, ndugu yangu, najua unampenda mwanao. Ila mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio chenyewe usikiombe.

Mpigie mkeo mkiwa njiani. Usianze na samahani, anza na "mtoto aling'atwa." Atafoka. Mwache afoke, maana huku anafoka atakuwa anawatafutia daktari. Halafu, mama yake akiwepo, mjibu binti yako lile swali: waya hauna meno, mwanangu, baba alidanganya.