Posa Iliyovunjwa na Kurasa Mbili za Falsafa

Shangazi Biasha, shikamoo,

Naomba msaada wako haraka, maana tangu Jumamosi sili wala silali, na hata hivyo moyo wangu unaruka kwa furaha, sasa sijui kama nimepata wazimu au nimepata mwanga. Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo hapa Kibaha, Mkatoliki, naishi Kongowe. Mwaka jana rafiki alinipa karatasi zilizopigwa chapa kwa stensili, zimeandikwa na mzee mmoja wa Msimbu, Mzee Anselmi, aliyekuwa akifundisha falsafa seminari, akaacha kazi mama yake alipopatwa na kiharusi, akarudi kijijini kumlisha kwa kijiko mpaka Mungu alipomchukua, na hapo hapo pembeni ya kitanda ndipo alipokuwa akiandika. Shangazi, nilisoma ukurasa wa kwanza nikasimama! Anasema: "Anayewapenda binadamu wote lakini hamsalimii jirani yake, anampenda nani?" Na pengine: "Undugu hauzaliwi mkutanoni, unazaliwa mezani." Na tena: "Akili isiyopiga magoti haioni mbali." Vijana wenzangu ofisini wanasema huyo ni mzee wa kizamani anayepinga maendeleo, lakini si kweli hata kidogo, kwani kijiji kilipotangaza kulima shamba la ujamaa siku ya Jumapili alikataa mbele ya mwenyekiti, akasema Jumapili ni ya Mungu, halafu Jumatatu asubuhi wakamkuta ameshalima kipande chake na cha jirani aliyekuwa mgonjwa! Nilifunga safari nikamwona kwa macho yangu, nikampa shikamoo, na tangu siku hiyo nazisoma karatasi zake kwenye basi, ofisini, kantini, kila mahali, mpaka mwenzangu Mashaka ananiita Padri.

Sasa balaa lenyewe. Nina mchumba, Justa, mwalimu wa shule ya msingi Kisarawe, na Jumamosi mshenga wangu Mzee Mwinyijuma, jirani yetu anayeheshimika mtaa mzima, alinichukua tukapeleke posa kwao, akanionya njia nzima, "Ponsiano, kazi yako leo ni kukaa na kuangalia mkeka." Tukakaribishwa vizuri, Mzee Mwinyijuma akaanza, "Tumepita njia tukaona ua linapendeza hapa kwenu," na baba yake Justa, Mzee Gregori, akajibu, "Ua? Hapa tuna mihogo tu, labda mmepotea," wazee wote wakacheka, na mimi, Shangazi, damu ikanipanda, nikaona ndoa takatifu inafanyiwa mzaha, maana Mzee Anselmi ameandika kwamba ukweli hauzunguki nyumba, unapiga hodi mlangoni! Nikasimama, nikachomoa karatasi mfukoni, nikawasomea kurasa mbili nzima juu ya ndoa, kwa sauti, na nilipomaliza nikangoja wafurahi. Mzee Mwinyijuma ameshika kofia yake mkononi, shangazi zake Justa wamefunika midomo kwa khanga, na Mzee Gregori akainuka akasema, "Binti yangu haolewi na redio." Tukaondoka pilau hatujaonja. Justa ameniletea salamu kupitia dada yake kwamba baba amefunga mlango, na kwamba yeye mwenyewe hajui kama anataka ufunguliwe.

Lakini nimepata wazo, nalo linanisisimua kweli kweli: nimlete Mzee Anselmi kutoka Msimbu aje ajadiliane na Mzee Gregori kwa hoja, maana hakuna wa kumshinda! Je, nimlete? Au nitafute mchumba mwingine anayeelewa falsafa? Nampenda Justa, Shangazi, nampenda mno.

Ponsiano, Kongowe

*

Marahaba, Ponsiano.

Nimecheka mpaka machozi, kisha nikakuonea huruma, na sasa nakugombeza, kwa hiyo kaa vizuri.

Mimi ni Mwislamu, na huyo mzee wako nimempenda kabla sijamwona. Mtu aliyeacha cheo akamlishe mama yake, huyo ni mtu. Ila wewe umemsoma kwa macho tu. Mzee anatetea adabu za wazee, wewe unachukua maneno yake ukavunjie adabu za wazee, tena kwenye posa yako mwenyewe! Lo, kijana!

Hivi ulifikiri ule mchezo wa maua na mihogo ni nini? Baba wa watu anamtoa mwanawe. Ulitaka aseme "chukua" kama anauza kuku sokoni? Anatania ili asilie, na huku anapima kama ninyi mnaokuja mna subira. Mzee Gregori alikuwa anakubali, Ponsiano! Anayekataa hacheki, wala hapiki pilau. Mlango ulikuwa wazi, wewe ukaupiga teke.

Mzee Anselmi muache Msimbu. Unataka umfanye jogoo wa kupiganisha? Hata akishinda hoja zote, utarudi Kongowe na ushindi, mke huna. Na hilo la mchumba mwingine sitaki kulisikia tena. Unasema unampenda mno, na mstari wa juu yake unataka kumbadilisha kama shati.

Leo hii nenda kwa Mzee Mwinyijuma. Umemwaibisha mtu mzima ugenini. Mwombe radhi, usimweleze sababu, sababu zako zimetuchosha. Umsihi arudi Kisarawe peke yake. Wakwe wakitaja faini, iwe mbuzi, iwe doti za khanga, toa na ushukuru. Karatasi zako endelea kuzisoma, ni nzuri, lakini nyumbani kwako.

Halafu kuna Justa. Barua nzima umenieleza asemavyo Mzee Anselmi, asemavyo Mzee Gregori, hata Mashaka nimemsikia. Justa kasema jambo moja tu, nawe umelipita mbio kama halikuhusu: hajui kama anataka mlango ufunguliwe. Hiyo si hasira ya baba yake. Ni yake mwenyewe, maana bila shaka alikuwa chumba cha pili amevaa vizuri, anasikia mchumba wake akiwahutubia wazazi wake. Basi kamwone baada ya masomo, mikono mitupu, umwambie, "Nimekosa." Kisha unyamaze, hata akikutukana. Posa husemwa na mshenga, mwanangu. Neno hilo hakuna wa kukusemea.