Kurasa Kumi na Sita za Sura ya Tisa

Jumatatu, 4 Machi

Barua nyingine thelathini na moja. Bwana Nukta kanitupia mezani zimefungwa kwa raba, anataka muhtasari wa "maoni ya wasomaji" kwa ajili ya dibaji ya toleo la pili. Ukurasa mmoja, usizidi. Yeye ndiye mhariri mkuu wetu, na kila akimaliza kusema hutamka "nukta" ili mtu asiongeze neno. Sikuongeza. Macho yananiuma tangu Ijumaa.

Kitabu chenyewe tunakiita Tofali, kwa unene wake. Mwandishi alikufa kabla bibi yangu hajazaliwa, na bado kinauzika. Kazi yake ni kutetea imani mbele ya wasioamini: sura kumi na nne, kila sura na Swali lake na Jibu lake. Kwanza asiyeamini anaachiwa aseme yote, tena kwa ukali. Kisha mwandishi anamjibu polepole mpaka anamkalisha chini. Nimekisoma mara nne, kutafuta makosa ya chapa. Ukikisoma kitabu namna hiyo unajua kila mkato ulipo, lakini mtu asikuulize kinasema nini.

Leo barua kumi na mbili. Mwalimu wa sekondari: mwandishi anabishana kama wakili anayejua hakimu ni mjomba wake. (Nimecheka peke yangu.) Mchungaji mmoja analalamika kwamba vijana wake wamekariri Maswali, Majibu hawana habari nayo. Fundi magari anakisoma na bosi wake asiyeamini kila mapumziko ya mchana — wamegombana, wamepatana, sasa wako sura ya sita. Wawili wanaisifu sura ya tisa.

Nikaandika: "Wengi wamefurahi." Nikafuta. Nikarudi nyumbani.

Jumatano, 6 Machi

Sura ya tisa tena. Barua tano sasa.

Muuguzi wa wodi ya watoto anasema amesoma vitabu vingi vya dini, na huyu ndiye wa kwanza kunyamaza mahali pa kunyamaza. Dereva mstaafu: kumbe hata mwenye majibu yote lilimfika swali akaweka kalamu chini.

Kalamu chini? Huyu? Huyu hakuwahi kunyamaza maishani mwake. Sura ya tisa ndiyo ya watoto, kwa nini wanaumwa, kwa nini wanakufa. Nalikumbuka Jibu lake, maana nililisahihisha nikiwa na mafua, kila ukurasa na karatasi yangu ya kupengea. Hoja tatu. Tanbihi hazina idadi.

Labda wanachanganya na kitabu kingine. Watu huchanganya. Nitaangalia kesho, leo hata kunyanyuka kwenda rafuni sitaki.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeangalia.

Ukurasa wa 160. Swali la sura ya tisa linaishia pale pale chini: "Basi niambie, mtoto huyu alikosa nini?" Nikavuka upande wa kulia. Ukurasa wa 177, Sura ya Kumi.

Nikarudi nyuma. Nikaenda mbele. Nikachukua nakala nyingine, na ya tatu. Zote! Kurasa kumi na sita hazipo. Jibu lote limekwenda, na limekwenda safi, halikuacha hata neno moja la kumshtua msomaji. Nambari za kurasa nani anazitazama?

Nimeshuka chini kwa Mzee Gundi, anayejalidi vitabu vyetu tangu sijaajiriwa. Karatasi kubwa moja ikikunjwa hutoa kurasa kumi na sita. Yeye huyapanga marundo ya karatasi zilizokunjwa mezani kwa mfuatano, kisha huizunguka meza akichota moja moja kila rundo, na akimaliza mzunguko ana kitabu. Nilimwonyesha. Alivua miwani, akaivaa. Akanitangulia stoo, akafunua turubai. Rundo la kumi na moja. Lote lipo, limefungwa kwa kamba, safi kabisa.

Anasema meza haikutosha, akaliweka rundo moja kitini. Kisha mtu akakihitaji kiti.

"Niliizunguka meza siku tatu, mwanangu. Kiti sikukizunguka." Halafu, kwa sauti ya chini: "Lakini nakala ya kwanza nilikuletea wewe."

Kweli aliniletea. Hiyo ndiyo kazi yangu: nakala ya kwanza kabisa kutoka kwake naihesabu kurasa moja moja, kwa kidole, ndipo natia sahihi na nyingine zinaendelea. Miaka kumi na tisa sijawahi kuruka. Nimelitafuta daftari. Sahihi yangu ipo, tarehe 28 Agosti. Binti wa dada yangu tulimzika tarehe 17 ya mwezi huohuo.

Naikumbuka siku ile. Nilikiinua kitabu, nikakipima uzito kwa mkono, nikasaini. Nilitaka kwenda kulala, basi.

Ijumaa, 8 Machi

Sijamwambia mtu. Mzee Gundi naye kimya, lakini leo amenisalimia mara tatu.

Nimemaliza barua zilizobaki ili nisifikiri. Ya mwisho kabisa haikuwa ya karatasi ya kawaida. Ni ile karatasi ya kahawia ya kukatia mitindo ya nguo, imekunjwa mara nne. Mwandiko nikaujua kabla sijasoma neno.

Dada.

Siwezi kuandika zaidi leo.

Jumatatu, 11 Machi

Basi niiandike, nisizunguke.

Dada yangu mkubwa ni fundi wa kushona. Alikuwa na mtoto mmoja, wa miaka tisa, aliyekuwa akiniita Mama Mdogo hata akiwa amenikasirikia. Siku kumi na moja hospitali, ikawa basi. Kwenye maziko mchungaji alisema Mungu huchuma maua mazuri kwanza. Dada alisimama katikati ya mahubiri akaondoka. Shemeji alimfuata na viatu vya mkewe mkononi. Tangu siku ile kanisani hakukanyaga, na mtu akianza kumwombea alikuwa anawasha cherehani.

Desemba nilienda kumwona. Sikujua la kumwambia, na kwenda mikono mitupu nikaona aibu, nikachukua Tofali moja ofisini. Akalipokea kama anavyopokea vitambaa vya wateja: akalipapasa, akaliweka pembeni. Januari nikasikia amerudi kusali, anakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Nikasema, muda umefanya kazi yake. Sikuuliza. Nilikuwa na raha kwamba sihitaji kuuliza.

Barua hakuiandikia ofisi. Kamwandikia mwandishi. Hajui kuwa ni marehemu. "Mheshimiwa Mwandishi, shikamoo." Nilipofika hapo tu nikalia, mtu mzima mimi.

Anamweleza kuwa yeye ni fundi, hana elimu kubwa, sura nyingine zimempita juu ya kichwa. Kisha: "Kila aliyekuja kwangu alikuja na jibu. Wewe una majibu kumi na matatu, na hapa ukaacha. Nilipovuka upande wa pili nikakuta sura nyingine nikasema, huyu naye anajua. Na kama mtu anayeijua dini hivi amekaa na swali hili bila jibu na bado anaamini, basi hata mimi naweza kukaa. Nimerudi kusali. Sina ninachomwambia Mungu, naye haniambii kitu, lakini nakaa."

Nimempigia jioni, nikajifanya nauliza habari za mgongo wake. Mgongo haujambo. Kasema kanisani kuna kina mama waliofiwa na watoto, sita, wamemwomba Jumapili hii awasomee kile anachokisoma. Atawasomea sura ya tisa. Sauti yake ilikuwa na uhai! Miezi saba sijaisikia hivyo.

Dada yangu amesimama juu ya uzembe wangu, na anakaribia kuwapandisha wenzake sita.

Jumanne, 12 Machi

Nimemwambia Bwana Nukta yote — daftari, sahihi, kiti. Dada sikumtaja.

Nilingoja anifukuze. Hakunifukuza, na karibu nimlaumu kwa hilo. Alikaa ameshika kichwa, kisha akapanga: vile vikunjo vya stoo vishonwe viwe vijitabu, vipelekwe madukani, na kila aliyetuandikia apelekewe chake na barua ya samahani. Bahasha nitaziandika mwenyewe, kwa mkono.

Nikamuuliza, na hawa wanaosema sura ya tisa ndiyo iliyowagusa, nao tuwapelekee?

"Hao kwanza. Wamefurahia kitu ambacho mwandishi hakukisema. Unataka tumzulie marehemu unyenyekevu?"

Nikasema labda kunyamaza kulimfaa.

"Hakunyamaza. Sisi ndio tuliomziba mdomo. Nukta."

Ana haki, ndiyo inayonichosha. Chini, Mzee Gundi alikuwa ameshaanza kushona vijitabu. Hakuniangalia. Alisema angeulizwa yeye angeliacha turubai mahali pake, lakini yeye ni mtu wa gundi, haulizwi.

Alhamisi, 14 Machi

Bahasha hamsini na nane. Kidole cha kati kimevimba.

Nimelisoma Jibu. Safari hii kama msomaji, nimekaa kwenye ngazi za nyuma na chai yangu. Nilitaka liwe baya ili nipate sababu ya kuliweka chini ya turubai. Si baya. Hoja ya kwanza ni baridi, ya pili ni ya wasomi, ya tatu nimeisoma mara mbili na bado sijui kama anasema kitu. Kuna mahali anasema uchungu wa mtoto una nafasi katika mpangilio ambao hatuuoni wote. Nikamwona Dada anawasha cherehani.

Halafu ukurasa wa 174 kuna aya moja, fupi. Hapo habishani na mtu. Anasema tu kwamba ameandika haya yote akiwa hawezi kulala, na kwamba hata yeye hayamtoshi. Kisha anarudi kwenye tanbihi zake kana kwamba hakusema kitu. Niliisahihisha aya ile na mafua yangu, nikaweka mkato, nikapita!

Hamsini na saba zimekwenda posta. Ya Dada iko kwenye mkoba wangu. Nikimpa, namnyang'anya kitu pekee kilichomrudisha. Nisipompa, Jumapili atasimama mbele ya kina mama sita na kuwaambia jambo lisilo la kweli, na mimi peke yangu ndiye ninayejua. Na siku moja mtu atamwonyesha, madukani vipo. Heri aone kwangu. Nasema heri, lakini moyo wangu unaniambia nimeshamharibia mara moja na sasa nakwenda kurudia.

Jumamosi, 16 Machi

Alasiri. Naandika nikiwa kwa Dada, sebuleni, kwenye kiti cha kupimia wateja. Shemeji yuko kazini.

Nilimkuta anapinda gauni la mtu. Nimemwambia bila kumzungusha, maana ningezunguka nisingefika. Nimemwambia barua yake niliisoma mimi, na mwandishi ni marehemu wa siku nyingi. Hilo lilimwumiza kwanza. "Nilimwamkia," akasema. Kisha nikamwambia kurasa. Kisha sahihi, tarehe, na kwamba sikufungua.

Hakunigombeza. Alikata uzi kwa meno.

"Kwa hiyo alijibu."

"Alijibu."

"Kurasa ngapi?"

"Kumi na sita."

"Kumi na sita," akasema, kama mtu aliyetajiwa vipimo na anajua kitambaa hakitoshi. "Umezisoma wewe?"

"Nimezisoma."

"Zinajibu?"

Nilitaka kusema hapana. Nilitaka kumwambia aende moja kwa moja ukurasa wa 174, aache mengine. Lakini nimeshamchagulia kurasa mara moja bila kujua, nikaona nisianze sasa kwa kujua. Nikasema: "Sijui, Dada. Soma mwenyewe."

Amechukua bahasha akaingia chumbani, amerudisha mlango. Hajaufunga.

Hiyo ni karibu nusu saa. Nasikia karatasi. Nyumba hii ni ndogo, karatasi ikifunuliwa inasikika mpaka huku. Nimehesabu, Mungu anisamehe, kwa kidole juu ya goti. Mbili. Tatu ilichukua muda. Nne, tano haraka haraka, nadhani hapo ndipo kwenye wasomi. Sita. Saba.

Karatasi ya saba ndiyo inayofungua 174.

Gauni la mteja liko mapajani mwangu na sikumbuki nililichukua saa ngapi.

Ameniita sasa hivi. Sauti si ya kulia wala si ya hasira, ni ya mtu anayeuliza njia.

"Mdogo wangu, huyu bwana alikuwa na watoto?"

Sijui. Nimemsoma mara tano na sijui. Nimelichukua Tofali lake pale mashineni, nimefungua wasifu mwanzoni: alikozaliwa, vyuo, vitabu, mwaka aliokufa. Wasifu huu niliusahihisha mimi. Watoto hawakutajwa, na sikuona kuwa kuna kitu kimepungua.

"Unasikia? Nakuuliza, alizika mtoto huyu?"

Karatasi ya nane haijafunuliwa. Anakuja, nasikia hatua zake, naweka kalamu chini.