Shija Hawezi Kututangulia

Pacha wangu Doto,

Mwangaluka. Huko Bariadi ni mhola? Kifua cha mama, mayu wetu, kimepoa, au bado anakohoa kila akishika ungo? Na cherehani yako imeacha kukata uzi? Mimi mwili ni mzima. Zaidi ya hapo sisemi niko salama, kwa sababu ninaogopa, Doto. Naandika haraka, kwa kujificha. Mwandiko wangu uliokuwa unaucheka shuleni leo umekuwa mbaya zaidi, lakini utautambua.

Zile habari zangu za safari mnazosoma kwenye simu ni za uongo. Zote. Sijakanyaga shamba la matufaha, wala theluji sijaiona kwa macho. Kazi ya hoteli niliyoahidiwa haikuwepo. Tulipokelewa uwanja wa ndege, tukanyang'anywa simu na pasi, tukaletwa kwenye jengo lililozibwa madirisha kwa mabati. Hata jina la mji silijui. Humu tunaandikishwa kwenye kompyuta zao, kila mtu kwa lugha ya kwao. Unapewa picha ya mahali usipopajua, unaambiwa uandike kama vile umetoka kutembea huko asubuhi, ili wenzako nyumbani watamani kuja. Anayegoma anapelekwa ghorofa ya chini. Mganda niliyekuwa nakaa naye meza moja alipelekwa, na tangu arudi hasemi na mtu.

Basi nikaandika. Theluji niliieleza kama pamba iliyomwagwa ghalani, maana sijawahi kuona kitu kingine cheupe kwa wingi ule. Sikukuu yao ya mavuno niliitoa nzima nzima kwenye mashindano yetu ya ngoma, Wagika upande huu na Wagalu upande ule, nikawaondolea tu nyoka wanaochezewa. Ungecheka wewe. Msimamizi alifurahi, akasema nina kipaji.

Lakini niliwawekea alama. Msimamizi anasoma Kiswahili chetu kwa mashine ya kutafsiri, na mashine haijui majina ya kwetu. Kwa hiyo katika kila habari niliandika, "kaka yangu mkubwa Shija, aliyetutangulia kuzaliwa mimi na Doto." Nilijua Msukuma yeyote akifika hapo atasimama. Shija ni jina la anayezaliwa baada ya mapacha. Atawatanguliaje Kulwa na Doto? Nikajiambia watashtuka, watasema huyu anaandika huku ameshikiwa panga.

Hakuna aliyeshtuka. Juzi nimemkuta Shija mwenyewe ameandika chini ya habari yangu: "We kaka, ng'ambo imekuchanganya mpaka umenifanya mkubwa! Haya, nakuja unipe shikamoo yangu." Na vicheko juu yake. Kabla sijajua la kufanya, msimamizi akamjibu kwa jina langu: "Karibu mdogo wangu, chumba chako kipo tayari." Sasa wanamtafutia tiketi.

Doto, acha nguo za watu hapo hapo kwenye cherehani uende kijijini Migato leo. Mwambie baba. Ichukueni pasi ya Shija muitie jikoni iungue. Akisema mnamwonea wivu, aseme. Akinuna, anune mpaka achoke. Nakuomba kwa ziwa tulilonyonya pamoja, asipande ndege.

Karatasi hii imeshonwa kwenye upindo wa sketi ya dada Mkenya anayefanya usafi humu. Anaumwa, na wanamrudisha kwao. Ikikufikia kwa njia yoyote atakayopata, mshukuru huyo dada, mwambie wabeja sana, wala usiandike popote kwamba umeipata.

Msalimie baba, na shangazi yetu anayetukaushia michembe ya viazi, na babu, guku wetu, kama bado anauliza nitarudi lini. Mayu usimwambie yote kwa mara moja.

Mimi nitaendelea kuandika, sina namna. Na nitaendelea kumwita Shija kaka mkubwa. Kila habari yangu ikitoka, someni mtafute kosa hilo. Mkilikuta, mjue bado nipo. Siku mtakayoona huko kwenye simu tumepangwa sawasawa, Kulwa, Doto, halafu Shija, msijibu kitu. Atakuwa anaandika mtu mwingine.

Pacha wako aliyekutangulia mlangoni,
Kulwa