Mama Alianza Hivi Hivi

Jumapili, katikati ya Julai. Baridi ni ile ya Songea ya kuuma masikio, na ukungu umefunika Ruhuwiko yote. Nyumba ya jirani siioni, nasikia tu mtu akikohoa upande ule.

Neno "ukungu" limenichukua muda mrefu kulipata. Nilikaa nikiutazama dirishani, nikijua kabisa ni kitu gani, lakini jina lake halikuja.

Ndiyo maana leo naandika. Naogopa.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Jumanne nilikuwa mbele ya kidato cha tatu, nikaandika mlinganyo ubaoni, nikageuka kuwaeleza, nilipoutazama tena ukawa hausemi kitu. Nilijua zile ni namba, kama ninavyojua kwamba Kiarabu ni maandishi ingawa siwezi kukisoma. Nikawaambia wafungue vitabu wasome wenyewe, nikaenda kukaa ofisini na chaki mkononi.

Sikulia. Tangu masika sijalia, wala sijacheka. Chakula kina ladha ya karatasi. Nikimaliza kusoma ukurasa, siujui.

Mama yangu alianza hivi hivi.

Nilikuwa darasa la sita alipoanza kupoteza maneno. Kwanza alisahau majina yetu, akawa anatuita "wewe". Kisha akaacha kuita kabisa. Alikuwa anakaa jikoni kwenye kigoda, uso ukutani, mikono mapajani, viganja vikitazama juu kama mtu anayesubiri kupewa kitu. Wazee wa ukoo walisema ni bibi amerudi kumchukua, maana bibi naye alimaliza maisha yake akitazama ukuta. Hakuna aliyetamka neno ugonjwa. Homa ya mapafu ilipomwondoa, watu walisema afadhali amepumzika.

Alhamisi binti yangu Happy, yuko kidato cha pili, alirudi shuleni akanikuta jikoni. Sufuria ilikuwa imekauka maji, inaanza kuungua. Anasema aliniita, sikugeuka. Kwa woga akanipiga picha na simu ya nyumbani amtumie baba yake, ambaye ni bwana shamba huko Nalasi na huja mwisho wa mwezi.

Baadaye nikaiona hiyo picha.

Kigoda. Ukuta. Mikono mapajani, viganja juu.

Happy hakuwahi kumwona bibi yake. Alizaliwa mama akiwa ameshazikwa, na sikuwahi kumsimulia alivyokuwa anakaa. Mimi mwenyewe sikumbuki kukaa vile. Niliikuza picha nitafute uso wangu, nikamwona mama akiwa amevaa sweta yangu.

Ijumaa Happy akampigia mama mdogo Regina, mdogo wake mama, anayeishi Lizaboni. Alikuja mchana huohuo. Nilipofungua mlango nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Alisimama pale nje akiwa ameshika kanga yake kifuani, akaniita kwa jina la mama.

Alipokaa na kunywa chai akaanza kusema mambo ya ukoo. Kwamba tukutane nyumbani, kwamba bibi anazunguka kutoka tumbo hadi tumbo na lazima aambiwe aache. Nilikuwa nasikiliza nusunusu. Kisha akanishika mkono, akauachia haraka.

"Hata vidole vimekuwa vya kwake," alisema.

Vidole vyangu vimevimba tangu mvua za masika. Asubuhi siwezi kufunga kifungo cha blauzi. Nimekuwa nikinunua vidonge vya maumivu duka la dawa na kulaumu baridi. Nikamuuliza mama mdogo ana maana gani. Akasema mama alivimba vidole kwanza, kabla hajanyamaza. Bibi pia. Asubuhi walikuwa hawawezi kushika jembe, na kila mtu akadhani ni palizi ya mahindi.

Ni maneno hayo yaliyonitoa nyumbani.

Jana tulikwenda kliniki mama mdogo na mimi. Daktari ni dada mdogo kuliko mimi, mgeni mjini, mtu wa Mara. Aliuliza kuhusu vidole, kuhusu usingizi, kuhusu darasani, kuhusu mama. Aliuliza kama nawaza kujidhuru. Nilimwambia siwazi kufa, ila kuishi nako sikuoni. Hakushtuka. Alitaka kujua nani yuko nyumbani nami.

Akanitoa damu ya kupima, akaniminya kiungo kimoja baada ya kingine. Akaeleza polepole, kwa sababu nilimwomba arudie. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na wadudu, kwangu inaelekea imeanza kushambulia viungo vyangu mwenyewe. Uvimbe ule haubaki kwenye vidole. Kemikali zake zinatembea na damu, na ubongo unapata habari. Kwa baadhi ya watu ubongo ukipata habari hiyo muda mrefu unapunguza mwendo: maneno yanachelewa, kumbukumbu inateleza, furaha inazimika. Alisema hiyo ni sonona, na kwamba sonona huwa na njia nyingi za kuingia. Huenda hii ni mojawapo.

Nikamuuliza kuhusu mama na bibi. Akasema watu hurithi wepesi wa kuugua, kupitia vinasaba vingi vidogo vidogo, ila hawarithi hukumu. Mama hawezi kupimwa tena, kwa hiyo hatanidanganya kwamba anajua. Alinipa dawa za sonona, akasema zinahitaji wiki kadhaa. Za viungo zitafuata majibu yote yakitoka, na kila wiki nitaongea na muuguzi wa afya ya akili.

Nilitegemea kupata nafuu kwa kujua. Sikupata.

Mzimu unaweza kuambiwa uondoke. Hiki kimo ndani ya damu yangu, na kinachonishambulia ni mlinzi wangu mwenyewe. Usiku nililala nikiwa nimejikumbatia, kisha nikaona hata hilo si salama.

Leo baada ya misa mama mdogo amekuja kula nasi. Nilimrudishia tena maneno ya daktari, yale aliyoyasikia na asiyoyaelewa. Akaacha kula. Akasema kuna jambo hajawahi kumwambia mtu.

Mwaka wa mwisho wa mama, yeye Regina alikuwa anamsuka nywele pale jikoni huku akiongea na shangazi mmoja, wakijadili nani atachukua mashamba na watoto wagawanywe vipi. Shangazi alipotoka, mama akazungumza. Kwa Kingoni, sauti ya chini, uso bado ukutani.

"Nimo humu ndani. Nawasikia wote."

Mama mdogo alikimbia. Aliamini ni mzimu umetumia mdomo wa dada yake. Hakumsuka tena, na mama hakuzungumza tena.

Happy alikuwa ananitazama mimi, si mama mdogo.

Nikamwambia Happy mbele ya mama mdogo, nikitafuta kila neno: "Nikinyamaza tena usinipite. Niongeleshe tu. Nitakuwa nakusikia hata nisipojibu."

Akasema sawa, mama. Akakusanya vyombo.

Kesho naanza na muuguzi. Mkuu wa shule amekubali nipumzike darasani kwa sasa. Sijui kama maneno yangu yatarudi yote, wala yatakaporudi yatakuta mtu yupi.

Ukungu bado upo. Happy anaosha vyombo na anaongea tangu tumalize kula, kuhusu mwalimu wao mpya wa baiolojia, kuhusu rafiki yake aliyenyoa, kuhusu manyunyu ya jana ambayo sikuyaona. Mambo mengi siyajibu. Haachi.

Namsikia.