Mupira Ulionishinda Pumzi

Jumanne, 3 Julai 1956
Sigara tatu mbele ya chai. Kikohozi kama kawaida. Muke wangu Venansia anasema naamsha majirani kuliko jogoo. Nilimuambia ni baridi ya ziwa. Jumapili tunacheza na timu ya Rutshuru. Mimi ni kapiteni. Bado niko na nguvu.

Alhamisi, 5 Julai
Mazoezi. Nilikimbia mara mbili kutoka goli mpaka goli, kisha nikainama kufunga kiatu. Nilikuwa miguu wazi, bila kiatu.

Jumapili, 8 Julai
Niandike yote. Pompe ya kujaza hewa ilipasuka, mupira ukabaki laini kama mukate. Watu wa Rutshuru walikuwa wamekwisha kushuka kwenye kamyo. Nikasema: leteni, nitaupuliza kwa mudomo. Nilipuliza mara sita. Nikaona nyota muchana. Nikakaa chini, katikati ya kiwanja.

Venansia akatoka kwenye watu, akaninyanganya mupira, akapuliza mpaka ukawa mugumu kama jiwe. Akaufunga, akarudi kukaa. Rutshuru walimupigia makofi. Tulifungwa nne kwa sifuri.

Jumatatu, 9 Julai
Kazini wananiita Bwana Pompe. Nilienda kwa Damaseni, munganga wa dispansere. Alisikiliza kifua changu muda murefu. Sikupenda ule urefu.

“Pafu si mufuko moja kama wa mupira,” alisema. “Ni vifuko vidogo sana, mamilioni. Hewa inapita ngozi yao nyembamba, inaingia katika damu. Moshi unavunja zile kuta. Zikivunjika hazirudi.”

Tena, alisema, katika njia ya hewa kuna vinywele vinavyofagia takataka. Moshi unavilaza. Ndiyo maana nakohoa asubuhi. Baridi ya ziwa haimo.

Niliogopa sana. Nilipotoka nikavuta sigara moja, sababu ya woga.

Alhamisi, 12 Julai
Siku ya tatu bila sigara. Nachukia kila mutu. Nimemaliza karanga zote za nyumba. Na nakohoa kuliko mbele ya kuacha. Nilirudi kwa Damaseni na hasira. Anasema ni vinywele vinaamka. Heri vingelala.

Jumanne, 17 Julai
Nilivuta moja, nyuma ya choo. Venansia alisikia harufu. Alinitazama tu. Afazali angefoka.

Jumapili, 22 Julai
Hakuna sigara tangu ile ya choo. Tulienda Keshero kwa miguu, kusalimia wakwe. Penye njia inapanda, pumzi ilinikatika.

Venansia akakaa juu ya jiwe. “Papa Safi, nimechoka,” akaniambia. “Tupumzike.”

Hakuchoka. Hata jasho hakuwa nalo. Nikakaa pembeni yake, tukaangalia maji ya ziwa. Hakuniharakisha.