Maji ya sombe

Katsuva, jeudi tarehe tisa, leo asubui, ndiyo kila kitu iliharibika. Niko ku centre de santé, kando ya kitanda ya mutoto wangu.

Chancelle anatapika. Kichwa inamuzunguluka, hawezi kusimama. Ni miye nilimukunywesha, ndugu. Miye baba yake!

Unakumbuka wale wa projet walitukusanya Mudzipela, kutufundisha chakula ya watoto? Madame wao alitia majani ya moringa mu maji ya moto, akafunika, akasema: «Nguvu ya majani inatoka, inaingia mu maji. Musimwange ile maji!» Siye tukapiga makofi sawa wajinga.

Basi nikachemusha sombe, si ni majani ya muhogo. Maji ya kwanza nikatia mu kikombe, nikamupa mutoto. Marehemu bibi yangu Régine, mama ya Chancelle, alikuwa anamwanga ile maji ya kwanza kila siku! Nikajisemea, yeye hakufika ku formation ya madame.

Infirmier mwenye kumuuguza anashangaa: «Papa, maji ya sombe? Si iko na sumu!»

Maji ya sombe, Katsuva!

Nikamupigia madame. «Papa, siye tulisema moringa.» Walisema majani! Majani! Wakubwa wanakuja, wanapiga picha, wanarudi kwao.

Serum, ile maji ya mushipa, inatona. Nimemuuliza infirmier mara tatu, anaangalia chupa tu: mutoto atapona ao hapana?